Kitendawili Kisichotaka Kuteguliwa: Tamthilia za Televisheni Zilipogeuzwa Michezo ya Video

Miongoni mwa kazi zinazotokana na kazi nyingine, ni chache zilizodharauliwa kama michezo ya video iliyotungwa kutokana na tamthilia za televisheni. Filamu iliyotokana na riwaya hujadiliwa katika kumbi za vyuo. Tafsiri ya tamthilia huandikiwa tasnifu. Mchezo wa video uliobeba jina la kipindi cha zamani huishia katika sanduku la mkusanyaji, na anayeukumbuka huukumbuka kwa kicheko. Kicheko hicho kina sababu zake. Dallas, tamthilia ya Marekani kuhusu familia ya matajiri wa mafuta wa Texas, ilizaa mwaka 1984 mchezo wa kompyuta unaompeleka mchezaji hadi misitu ya Amerika Kusini. EastEnders, tamthilia ya BBC kuhusu maisha ya mtaa mmoja wa mashariki mwa London, iligeuzwa mchezo mwaka 1987, ingawa ni vigumu kufikiria jambo lisilofaa kijiti cha kuchezea kuliko umbea wa majirani.

Mhakiki anayeishia kwenye kicheko, hata hivyo, hupitwa na jambo muhimu kuhusu uhawilishaji wenyewe. Tamthilia ya mfululizo haifanani na riwaya, ambayo huanza, ikaenda na ikafika. Kila juma tamthilia hiyo hurejea ilikoanzia, na kinachoirejesha ni kanuni fulani: shinikizo linalowakabili wahusika bila kukoma na kuwafanya watende walivyotenda juma lililopita. Waigizaji huweza kuondoka na waandishi wakabadilishwa. Kanuni ikibaki, watazamaji huendelea kukitambua kipindi chao. Mchezo wa video nao, kabla haujawa picha wala sauti, ni kanuni: unachoruhusiwa kufanya, usichoruhusiwa, na gharama ya kukosea. Ndiyo maana mchezo ni kipimo kikali cha usomaji. Mtunzi wake hawezi kuficha kama aliielewa tamthilia au alilinunua jina tu.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaijua tofauti hii kutoka uwanja wa tafsiri. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari, tena katika wingi, halitokani na kamusi. Linatokana na uamuzi wa mfasiri kuhusu kile kinachoisukuma tamthilia hiyo kutoka ndani. Msomaji anaweza kuukubali au kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kusema kwamba mfasiri hakusoma. Makala haya yanauliza swali hilohilo kwa michezo minne: je, mtunzi alisoma?

Hali ya mitambo ya wakati ule inalifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Atari 2600, mashine iliyoingia katika nyumba nyingi za Marekani kuanzia mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Kwa kiasi hicho hakuna uso wa mwigizaji unaoweza kuchorwa ukatambulika, wala mazungumzo yanayoweza kuandikwa. Mambo yote ambayo mtazamaji angeyataja akiulizwa kwa nini anaipenda tamthilia fulani, yaani sura, sauti, utani na mavazi, yaliachwa nje ya mlango. Kilichoweza kupita ni mwendo na kanuni.

Mfano wa kushindwa na uanze. The Addams Family ilionyeshwa na ABC ya Marekani kuanzia 1964 hadi 1966, ikitokana na katuni ambazo Charles Addams alikuwa akizichora katika jarida la The New Yorker tangu miaka ya 1930. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: familia hii inayopenda sumu, makaburi na vyombo vya mateso inajiona ya kawaida kabisa, na ni karimu kwa kila mgeni. Anayetishika ni mgeni. Kichekesho chote kimejengwa juu ya pengo hilo kati ya ukarimu wa mwenyeji na hofu ya anayekaribishwa.

Mwaka 1989 kampuni ya Kijapani ya Sunsoft ilitoa Fester's Quest kwa mashine ya Nintendo. Ndani yake Mjomba Fester anashika bunduki na kupita mitaani akiwapiga risasi viumbe waliovamia mji kutoka anga za juu. Jamaa zake wamewekwa katika nyumba mbalimbali ili wampe vifaa. Fester wa televisheni alikuwa na mazoea ya kutia balbu mdomoni ikawaka. Katika mchezo, balbu ni kifaa cha kumulikia mitaro ya chini ya ardhi. Kumbukumbu ya tamthilia ipo, lakini imekuwa kama pambo lililoshonwa kwenye nguo ya mtu mwingine. Familia iliyokuwa kioo cha kuuchekea woga wa jamii dhidi ya wageni imegeuzwa mlinzi wa jamii hiyo, na wageni wamegeuzwa shabaha. Mtunzi aliyeisoma tamthilia angeona kwamba Fester angewaalika wavamizi hao chakula cha jioni. Ugumu wa mchezo, ambao wachezaji wengi wameulalamikia, ni dosari ndogo ikilinganishwa na hiyo.

M*A*S*H inaleta kesi ngumu zaidi. Tamthilia hii, iliyotanguliwa na riwaya ya 1968 na filamu ya 1970, ilidumu kuanzia 1972 hadi 1983 kwa sehemu 251. Vita vya Korea vilivyosimuliwa ndani yake vilichukua miaka 3, kutoka 1950 hadi 1953. Tamthilia ikawa ndefu kuliko vita, na urefu huo ukawa sehemu ya maana yake. Kila sehemu ilifunguliwa kwa picha za helikopta zikileta majeruhi katika hospitali ya mahema, na madaktari wakikimbia kuwapokea. Utani wa madaktari hao ulikuwa njia ya kutorukwa na akili. Kanuni ni kwamba helikopta zitarudi. Daktari anamshona kijana ili arudishwe vitani, na kesho ataletwa mwingine.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 28 Februari 1983 na kutazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100. Mwaka huohuo, kitengo cha michezo ya video cha Twentieth Century-Fox, kampuni iliyoimiliki tamthilia, kilitoa mchezo wa M*A*S*H kwa Atari 2600. Mchezaji huongoza helikopta, huokota majeruhi walioenea kwenye uwanja wa vita na kuwapeleka hospitalini, huku kifaru kikimfyatulia risasi kutoka chini. Kisha huingia chumba cha upasuaji, ambako hutakiwa kuchomoa vipande vya chuma mwilini mwa askari bila kugusa kingo za jeraha. Mpinzani wake ni helikopta nyingine inayookota majeruhi haohao, nayo inaongozwa na daktari Frank Burns, anayetajwa kwa jina lake la utani. Mwigizaji wa Burns alikuwa ameondoka kwenye tamthilia mwaka 1977, miaka 6 kabla ya mchezo kutoka.

Kosa la mchezo huu liko wazi. Majeruhi wamekuwa mali ya kugombaniwa. Madaktari wawili wa jeshi moja wanashindana nani ataokota wengi zaidi, na askari aliyeokolewa na mpinzani ni hasara kwa mchezaji, ilhali katika tamthilia yenyewe askari aliyeokolewa na Burns, hata kama Burns ni mjinga na mwenye majivuno, ni askari aliyeokolewa. Soko la michezo lilidai kuwe na mshindi, na matakwa ya soko yakaivunja roho ya kazi.

Hata hivyo, si haki kuishia hapo. Michezo mingi iliyopangwa pamoja na M*A*S*H kwenye rafu za maduka mwaka 1983 ilimpa mchezaji pointi kwa kuua. Huu unampa pointi kwa kuokoa, na haumpi silaha ya kukijibu kifaru kinachompiga. Mtunzi aliichukua picha ya ufunguzi wa tamthilia, ile ya helikopta, akaitambua kuwa ndiyo kiini. Na katika chumba cha upasuaji, mkono wa mchezaji unaotetemeka kwenye kijiti unasema jambo ambalo televisheni iliweza kulionyesha kwa mbali tu: kwamba uhai wa mtu unaweza kutegemea upana wa unywele. Majeruhi hawaishi. Ukiwamaliza hawa wanatokea wengine, na mchezaji mwenye kumbukumbu ya tamthilia huona hapo kitu ambacho huenda hakikukusudiwa. Basi mchezo huu ni usomaji nusu: macho yaliona, lakini kalamu ya mhasibu ikaandika.

Kesi ya tatu inaonyesha kwamba usomaji sahihi unaweza kutokea kwa njia ya ajabu. Gilligan's Island ilionyeshwa na CBS kuanzia 1964 hadi 1967, sehemu 98. Watu 7 wanaondoka bandarini kwa matembezi ya saa chache baharini, wanakumbwa na dhoruba, na chombo chao kinakwama kwenye kisiwa. Kila juma wanapata njia ya kuondoka. Kila juma njia hiyo inaharibika, mara nyingi kwa sababu ya Gilligan, baharia msaidizi mwenye moyo mwema na mikono isiyoaminika. Kipindi kilikatishwa wakiwa bado kisiwani. Filamu ya televisheni ya 1978 iliwaokoa, kisha kabla haijaisha ikawarudisha kwenye kisiwa kilekile. Kanuni ya kazi hii imo katika uhusiano wa Nahodha na Gilligan: mzigo unaokukwamisha ni mtu unayempenda, nawe huwezi kumwacha.

Bandai ilipoutoa mchezo wake kwa mashine ya Nintendo mwaka 1990, ilimpa mchezaji nafasi ya Nahodha, na Gilligan akawa anamfuata nyuma. Gilligan hukwama, huanguka kwenye mashimo, hupotea. Saa inahesabu, na bila yeye safari haiendelei. Kuna kamba za kumrejesha, lakini ni za kutafutwa na huisha. Wakati wote wawili hao wanabishana kwa maandishi. Ginger, mwigizaji wa filamu aliyekuwa miongoni mwa wahusika wakuu, hayumo kabisa, na mashabiki wamelilalamikia hilo kuliko jambo lingine.

Kwa kipimo cha burudani mchezo huu unachosha. Kwa kipimo cha uhawilishaji umefika mbali kuliko Fester's Quest, ingawa una picha duni na umepoteza mhusika mzima. Kukosekana kwa Ginger kunagusa orodha ya wahusika. Gilligan anayetumbukia shimoni kwa mara ya nne huku muda ukiyoyoma anagusa kanuni. Mtazamaji wa televisheni alikuwa akimcheka Nahodha kwa hasira zake. Mchezaji hucheka kidogo zaidi, maana hasira sasa ni zake, na hujikuta anarudi kumtafuta kijana huyo kwa sababu hana namna. Je, watunzi walikusudia hilo? Mhakiki hahitaji jibu. Kazi huhukumiwa kwa inachofanya.

Hapa inafaa kukabili pingamizi. Inaweza kusemwa kwamba kuudhi si sanaa, na kwamba mtu akisifu mchezo kwa kuwa unaudhi kama inavyotakiwa na tamthilia yake, atakuwa amepata njia ya kusifu kila kazi mbaya. Pingamizi hili lina uzito. Linahitaji mfano wa mchezo ambamo usumbufu wa mchezaji umekusudiwa, umepimwa na una maana. Mfano huo upo, nao ni wa zamani kuliko mitatu iliyotangulia.

The Prisoner ni tamthilia ya Uingereza ya sehemu 17 iliyoonyeshwa 1967 na 1968, Patrick McGoohan akiwa mwigizaji mkuu na mmoja wa waliyoibuni. Mtu anayeelekea kuwa jasusi anajiuzulu kwa ghadhabu, anapuliziwa dawa ya usingizi, na anaamka katika Kijiji kizuri kando ya bahari ambacho hakuna anayetoka. Wakazi hawana majina; yeye ni Namba Sita. Mkuu wa mahali hapo, Namba Mbili, hubadilishwa karibu kila sehemu, lakini swali lake halibadiliki: kwa nini ulijiuzulu? Wanaulizia kwa mateso, kwa dawa, kwa urafiki, kwa ndoto, kwa uchaguzi wa uongo. Kanuni ni kwamba katika Kijiji kila kitu ni swali, na wema zaidi ya vyote.

Mwaka 1980 David Mullich wa kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Edu-Ware aliitungia kompyuta ya Apple II mchezo wenye jina hilohilo. Kampuni haikuwa na haki za tamthilia, hivyo Kijiji kikawa Kisiwa na majina mengine yakabadilishwa. Mwanzoni mchezaji hupewa namba ya tarakimu tatu inayowakilisha sababu ya kujiuzulu kwake. Anachotakiwa ni kimoja: asiitoe. Kisiwa kimejaa majengo ambamo atahojiwa, atachezeshwa, atapewa kazi, ataburudishwa, na kila jengo linaweza kuwa mtego wa kumfanya aiandike namba hiyo.

Mtego uliokifanya kisa hiki kikumbukwe unahitaji maelezo. Programu nyingi za Apple II ziliandikwa kwa lugha ya BASIC, ambayo kila mstari wake una namba. Programu ikiharibika, mashine huacha kufanya kazi na kuandika kwamba kuna kosa katika mstari fulani. Mtumiaji wa siku hizo, ambaye mara nyingi alijua kidogo kuandika programu, alikuwa na mazoea ya kuchapa amri ya kuuonyesha mstari huo ili aone tatizo. Katikati ya The Prisoner mchezo unaonekana kuharibika. Ujumbe wa kosa unatokea kwenye kioo, na namba ya mstari uliotajwa ni ileile ya siri. Mchezaji anayechapa amri ya kuutazama mstari huo ametoa siri yake mwenyewe, kwa hiari, akidhani ametoka nje ya mchezo. Ameshindwa.

Hakuna uso wa McGoohan katika tukio hilo, hakuna Kijiji, hakuna hata mhusika. Kuna herufi kwenye kioo cheusi. Hata hivyo tamthilia nzima imo ndani yake. Namba Sita aliponea mara nyingi kwa kukataa kuamini kwamba ametoroka. Mara kadhaa alifika alikodhani ni nje, akakuta ni ndani. Mullich aliona kwamba kwa mtumiaji wa kompyuta nje ni ule ujumbe wa kosa, mahali ambapo mchezo umekoma na mashine imerudi kuwa chombo cha mwenyewe. Akaujenga ukuta wa gereza hapo.

Kuna pia ugeuzi mmoja unaostahili kuzingatiwa. Katika tamthilia namba ni tusi. Shujaa anakataa kuitwa kwa namba. Katika mchezo namba ndiyo nafsi, ndiyo kitu pekee ambacho mchezaji anacho na wao hawana. Mfasiri mwoga asingethubutu kugeuza hivyo. Mullich aligeuza, na kanuni haikuvunjika, kwa kuwa alijua ni ipi.

Fasihi simulizi ya Waswahili ina utanzu unaousaidia mchezo huu kueleweka kuliko istilahi nyingi za kigeni. Katika kikao cha vitendawili mtegaji ana jibu, na hadhira hulitafuta. Ikishindwa humpa mji, naye akisha kuula huo mji hutoa jibu, kikao kikaendelea. Raha ya utanzu huu imo katika makubaliano kwamba jibu hatimaye litatoka. The Prisoner inakipindua kikao hicho. Jibu liko kwa anayeulizwa tangu mwanzo. Mtegaji ndiye asiyelijua na ndiye anayelitaka. Na miji yote ya kisiwa anapewa mchezaji bure ili alitoe. Kutegua ndiko kushindwa. Mazoea ya ushirikiano ambayo huifanya hadhira iwe hadhira njema, utayari wa kujibu unapoulizwa, yamegeuzwa hatari. Mtu aliyelelewa katika adabu ya kuitika anaposikia wito atauhisi ubaridi wa mchezo huu vizuri.

Huo ndio usumbufu wenye maana uliodaiwa na pingamizi la awali. Gilligan huudhi na tamthilia huhalalisha udhia huo baada ya tendo. The Prisoner humfanya mchezaji ajue, kwa vidole vyake mwenyewe, jinsi mtu anavyosalimu siri wakati hakuna anayemlazimisha.

Ni vema pia kutambua kwamba kazi iliyosoma vizuri kuliko zote ndiyo iliyokosa haki ya kisheria. Inaelekea upungufu huo ulisaidia. Kampuni inayolipia jina na sura hutaka jina na sura vionekane, na mtunzi wake huanza na balbu ya Fester. Mullich hakuwa na balbu ya kuonyesha. Alibaki na kanuni peke yake, akalazimika kuifikiria.

Kwa wanaojishughulisha na hadithi za Kiswahili funzo hili si la mbali. Hadithi hizo tayari zinahamia kwenye katuni na vitabu vya picha, na zitahamia kwenye simu. Abunuwasi anaweza kupewa kilemba, punda na njia ndefu ya kuokotea sarafu, na watoto wa Muscat, Leicester au Minneapolis watamtambua kwa mavazi. Lakini katika kisa cha sufuria iliyozaa, jirani anakubali kwamba sufuria huzaa kwa kuwa uongo huo unamletea sufuria ya pili. Abunuwasi anaporudi na habari kwamba sufuria imekufa, jirani hana pa kushika. Kanuni ya kisa ni kwamba mwenye tamaa hufungwa kwa neno alilolikubali lilipomfaa. Mchezo wa Abunuwasi uliosomwa sawasawa ungemtaka mchezaji ampe jirani uongo mtamu, asubiri, kisha amdai; au, kwa ujasiri wa Mullich, ungempa mchezaji nafasi ya jirani, ukamletea sufuria ndogo asubuhi ya kwanza, na kumwachia aamue kama ataipokea.